KISIBO Kwanza, Salamu Baadaye

Melini, 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, nalala, na meno yangu yote yapo. Nimeanza hivyo kwa sababu najua ndivyo utakavyouliza, na kwa sababu leo nimekuja na lalamiko.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma nimesimama kwenye ngazi, boti ya vifaa ikiwa bado inashusha viazi. Nikapita salamu za mama mdogo, salamu za jirani wa juu, salamu za paka wa jirani wa juu. Ukurasa wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Halafu chini kabisa, pembeni mwa sahihi yako, kwa herufi za kisisimizi: "Upepo uliezua paa la chumba cha kushonea, lakini tumeshaezeka." Mama! Paa zima linakuja baada ya paka?

Hapa melini ungefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Sisi ripoti huanza na neno moja, lile lile linalosubiriwa, ndipo maelezo yafuate. Mtu anayesikiliza simu ya upepo huwa ameshika pumzi, na si vizuri kumwacha bila hewa huku unamwelezea hali ya mawimbi.

Uliniuliza tunafanya nini hasa. Tunasafisha mlango wa bandari. Enzi za vita, kabla mimi sijazaliwa, kuna watu walitega mabomu chini ya maji, wakaondoka bila kumwambia mtu waliyaweka wapi. Sasa bandari inataka kupitisha meli kubwa, nasi tunayatafuta moja moja. Nahodha wetu anapenda vifupisho kuliko anavyopenda usingizi. Mashine ikituma sauti chini, na sauti ikarudi kwa namna ya kutiliwa shaka, hiyo ni MWABO, Mwangwi wa Bomu. Tukiutazama vizuri tukaona kitu chenye umbo, kinapanda cheo kuwa KIFABO, Kitu Kinachofanana na Bomu. Hapo anatumwa mtu akakione kwa macho yake, na akirudi anasema moja kati ya mawili: BOMU, au KISIBO, yaani Kitu Si Bomu. Hakuna anayeruhusiwa kutamka KISIBO kwa kutazama skrini tu, hata nahodha mwenyewe. Njia ikishakwisha kusafishwa inaitwa NJISA, Njia Safi. Hata kifungua kinywa amekibatiza CHAMKA: Chai, Mkate, Kazi.

Kazi yangu ni ya skrini. Nakaa kitini, pakavu, kando ya bwana mmoja tunayemwita Masikio kwa kazi yake na pia kwa jinsi alivyoumbwa. Kwa hiyo tuliza moyo.

Nimekuwekea kwenye kifurushi vazi la sufu la mwenzangu mmoja anayepiga mbizi. Huvaliwa ndani ya suti ya mpira ili mtu asigande kwa baridi. Limechanika begani, na hapa anayejua kushika sindano ni mpishi peke yake, naye hushona kama anafunga gunia. Naomba ulitengeneze.

Simu zetu zote hukusanywa tukiwa kazini, kwa hiyo tuendelee na kalamu.

Wako,
Chiriku


Nyumbani, 20 Februari

Kwa mwanangu mpendwa Chiriku,

Marahaba. Salamu kwanza, utake usitake. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako wewe uliye katikati ya maji. Mama mdogo anakusalimu, mgongo wake umetulia. Jirani wa juu anakusalimu. Paka amezaa, watoto wote wanne wanakusalimu. Hivi sasa umeshashika pumzi? Vizuri, inasafisha mapafu.

Mimi nimefundishwa kuandika barua na marehemu bibi yako, aliyefundishwa na mwalimu mwenye fimbo, na hakuna nahodha atakayenibadilisha. Mtu haingii nyumba ya watu akaropoka shida zake mlangoni. Anabisha hodi, anakaa, anaulizwa habari, ndipo anasema.

Lakini vifupisho nimevipenda, nisiseme uongo. Nimeshaanza kutunga vyangu. Wapo WATESU, Wateja Wasumbufu, kama yule bibi harusi aliyeongezeka kiuno mara mbili tangu nimpime na anasema cherehani yangu ndiyo iliyopungua. Nawe nimekupa chako: MWASIKA, Mwanangu Asiyeandika. Mama mdogo alicheka mpaka akamwaga chai juu ya kitambaa cha mtu.

Vazi la mwenzako limefika. Lilinuka chumvi na samaki aliyekata tamaa. Nimelifua mara mbili, nimelianika kwenye kiti cha dirishani, na bega nimelishona upya kwa mshono wa kukunja, halichaniki tena. Nimeongeza na kitambaa kidogo upande wa kushoto, kwa sababu nimeona ndiko linakovutwa. Mwambie mwenzako huyo avae shati ndani, na ale, amekonda.

Paa halivuji. Cherehani nimeisogeza karibu na dirisha, sasa naona wapita njia wote na kazi haiendi.

Halafu kuna swali, si langu, ni la mteja mmoja anayependa nimsimulie habari zako. Anauliza: KIFABO kikishaonekana, ni lazima mkakichokonoe? Tuseme hakipo katikati, kipo pembeni kabisa, nacho kimekaa kimya hakimsumbui mtu. Hakiwezi kuachwa kikajilalia zake?

Ni mimi mamako


Melini, 8 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Vazi limefika, mwenyewe amelivaa akasema sasa anajisikia amekumbatiwa. Nimemwambia huo ndio mshono wa mama yangu. Nahodha naye amesikia habari za WATESU, akaomba ruhusa alitumie neno hilo kwa wakubwa zake wa makao makuu. Nimempa.

Mwambie mteja wako ana akili ya kibaharia, kauliza swali ambalo mimi nilikaa darasani wiki nzima kabla sijaliuliza. Jibu ni kwamba si lazima. Bahari imejaa takataka, na tungechokonoa kila KIFABO tungezeeka hapa hapa. Tunachosafisha ni njia. Kikiwa ndani ya njia, kinatazamwa, hakuna mjadala. Kikiwa nje, tunakiwekea alama kwenye ramani, tunakiheshimu, tunapita zetu. Tena mkuu wetu wa wapiga mbizi hutuimbia kila siku: usiguse kisicho njiani. Vingine vimekaa chini miaka na miaka bila kumdhuru mtu, na balaa huanza pale mtu anapokwenda kuvitikisa.

Mtu mwenye papara hafai kazi hii, Mama. Kazi yenyewe ni kujua kipi cha kuacha.

Jana tulikuwa na kelele kidogo, kitu kimoja kilipasuliwa kwa mbali, maji yakaruka juu, samaki wakaelea, mpishi akashangilia. Mimi nilikuwa ndani kwenye kiti changu. Sikuona chochote.

Kumbe nimesahau kuuliza: paka wanne hao mtawapeleka wapi?

Wako,
Chiriku (nakataa hilo la MWASIKA)


Nyumbani, 27 Machi

Kwa mwanangu mpendwa Chiriku,

Marahaba mwanangu. Salamu nyingi kama kawaida. Sisi wazima. Mama mdogo amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi nyumbani kwangu ambalo mimi sikujua lipo. Paka wawili wamekwenda kwa muuza dawa, mmoja kwa fundi viatu, na wa nne yupo hapa kwenye kikapu cha vitambaa, ananitazama nikiandika. Jirani wa juu anasema ni wa muda tu. Namjua, huyu paka ameshakuwa wangu.

Bibi harusi amefunga ndoa. Gauni lilimkaa vizuri sana, watu wakaniulizia. Nimepata kazi ya sare za shule, kola tupu, kola asubuhi, kola jioni, usiku naota kola.

Barua yako ilinifurahisha mno, niliisoma mara mbili. Nimemsomea na yule mteja. Amefurahi kuliko mimi, unaweza kusema katuliwa mzigo. Alikuwa hali chakula vizuri, halali usingizi, roho juu muda wote, kwa sababu ya kitu chake hicho. Nimemweleza ulivyosema: kisicho njiani kiwekewe alama, kiheshimiwe, mtu apite zake. Na chake hakipo njiani kabisa, kipo pembeni karibu na kwapa. Ni kadogo mno, kama kifungo cha koti, kanateleza ukikagusa, wala hakaumi. Alikuwa amepewa tarehe ya kwenda kupimwa, nimemwambia aiache ipite. Ukiamsha kitu kilicholala ndipo balaa huanza, si ndivyo mkuu wenu anavyosema?

Kwa hiyo asante sana. Umemsaidia mtu bila kujua.

Jikinge na baridi. Nakutumia soksi.

Ni mimi mamako


Melini, 6 Aprili

NENDA.

Nimeanza na neno lenyewe, kama kanuni inavyotaka. Salamu utanidai.

Mama, hakuna bomu la baharini lenye ukubwa wa kifungo. Hakuna la kwapani. Barua yako niliisoma nikicheka habari za paka, nikafika kwenye kifungo cha koti, nikacheka tena kidogo, kisha nikakaa juu ya gunia la viazi. Hakuna mteja. Mteja ni wewe. Ni wewe uliyekuwa hulali. Na mimi, mjinga mmoja niliyejaa vifupisho, nikakuandikia uache!

Sikiliza nikueleze nilichosahau kukieleza. Kilicho nje ya njia tunakiacha kwa sababu hakuna meli inayopita pale. Ni hilo tu. Hatukiachi kwa sababu ni salama. Wewe, Mama, mwili wako wote ni njia. Mimi napita humo, mama mdogo anapita humo, na huyo paka sasa naye. Huna pembeni. Na nilikwambia hakuna anayeruhusiwa kusema KISIBO kwa kutazama tu. Hata wewe huruhusiwi kwa kugusa. Mwenye kazi hiyo akakitazame.

Najua unaogopa lile jengo la hospitali. Baba aliingia mle akitembea kwa miguu yake, na mimi nakumbuka koti lake lilivyorudi mikononi mwako. Naliogopa na mimi. Lakini Baba alichelewa, Mama. Alikaa nacho kimya, akakiita uchovu.

Na kwa kuwa nakutaka useme ukweli, nami niseme wangu. Sikai kwenye kiti. Masikio ndiye anayekaa kwenye kiti. Mimi ndiye ninayetumwa chini nikaone kwa macho. Nimekudanganya mwaka mzima, na lile vazi lilikuwa langu.

Leo nilitakiwa kuzama. Kuna KIFABO kimoja katikati kabisa ya mlango wa bandari, cha mwisho kabla ya kutangaza NJISA. Kabla mtu hajashuka, mkuu wetu humrushia kipande cha kamba afunge fundo mbele yake. Anatazama mikono. Fundo langu lilifunguka mara tatu. Aliichukua kamba taratibu akaniambia, "Binti, nenda kaandike barua." Hajui kuna nini, ila anajua mikono.

Basi naandika. Nenda na mama mdogo. Nenda kesho. Na ukiniandikia, nakuomba kwa heshima zote za bibi na za mwalimu wake mwenye fimbo, neno liwe la kwanza.

Mwanao


Nyumbani, 19 Aprili

NIMEENDA.

Haya, umefurahi? Neno la kwanza hilo. Na la pili ni KIFABO bado, kwa hiyo usianze kurukaruka. Sasa nisalimie kama mtu aliyelelewa: hujambo mwanangu?

Barua yako ilikuja nikiwa peke yangu. Niliikasirikia, niliikunja, nikashona kola nane kwa hasira, zote nikazishona nje ndani. Hapo nikajua hata mikono yangu imesema. Nikamwita mama mdogo nikamwambia. Alinikaripia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wasichana tukigombania kitana, kisha akalia, kisha akaniambia nivae lile gauni la bluu, kwa sababu hatuwezi kwenda kule tunaonekana wagonjwa.

Jengo limepakwa rangi upya. Viti ni vile vile, vya plastiki, kimoja kina ufa unaobana nguo, na hicho ndicho nilichopata. Nilikaa pale nikamkumbuka baba yako vibaya sana. Nilitaka kuondoka. Nilimwambia mama mdogo naenda msalani, akasema, "Twende wote," na akanifuata mpaka mlangoni na mkoba wangu kaushika yeye. Mlinzi gani tena wa gereza atafutwe.

Daktari ni mwanamke, umri kama wako, kucha fupi, koti lake limefungwa kifungo kimoja chini ya pale kinapotakiwa. Sikuweza kuvumilia, nilimfungulia nikamfungia upya kabla hajanigusa mimi. Alinipaka kitu baridi, akapitisha kile chombo chake, akawa anatazama skrini. Nikamwuliza, "Daktari, hiki ni KIFABO au ni KISIBO?" Akadhani nimechanganyikiwa. Ikabidi nimweleze, nikiwa nimelala vile vile mkono juu ya kichwa, habari zote za MWABO na nahodha wenu. Akacheka. Halafu akaacha kucheka akasema, "Mama, basi na sisi kanuni yetu ni hiyo hiyo. Kwa skrini sisemi. Mpaka nichukue kipande tukione." Nikampenda papo hapo, ingawa jibu lenyewe sikulipenda.

Amechoma sindano, amechukua. Iliuma kidogo, nimejikaza. Majibu bado. Nisikufiche, naogopa. Jana nilisahau birika jikoni mpaka likaungua chini. Nilikuwa nimesimama tu, nimeshika kile kifungo changu kwa juu ya nguo, kama mtu anayehakikisha mkoba haujaibiwa.

Sasa la kwako. Unadhani umeniambia jipya? Mwanangu, bega lako la kushoto limeshuka tangu siku uliyozaliwa. Nimekushonea nguo kuanzia za kutambaa hadi gauni la kumalizia shule, na kila moja nimeiinua upande huo ili watu wasione. Lile vazi nilipolitandaza mezani, lilikuwa limevutika pale pale. Nilikaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha nikashona, nikaongeza kitambaa, nikakuandikia kwamba mwenzako amekonda. Ulitaka nifanye nini? Niliona unanificha ili nisiogope, nami nikakuficha kwamba naogopa. Tumepakana mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe na mimi, kutwa kucha.

Hicho KIFABO cha mlangoni mwachie mtu mwingine. Nimesema kama mama yako. Halafu nimefikiri kidogo, nikaona siwezi kumwambia daktari atazame na nikakwambia wewe usitazame. Kwa hiyo usishuke mpaka fundo likae. Hilo ndilo ombi langu.

Mamako


Melini, 29 Aprili

SIJASHUKA.

Neno la kwanza hilo, ili ushushe pumzi. Shikamoo Mama.

Nimeisoma barua yako na nimeikunja ndogo kabisa, naitembeza mfukoni. Kila boti ya vifaa ikija mimi wa kwanza kwenye ngazi, mpaka mabaharia wa boti wanadhani napenda viazi. Mkuu amekubali kungoja. Bandari inapiga kelele, wenye meli wanapiga kelele, nahodha anawajibu kwamba Panzi, kile chombo chetu kidogo chenye kamera, kimeharibika. Ni kweli kimeharibika, ila si kwa kiasi anachowaambia. Mpiga mbizi mwingine yupo, lakini ana mafua yaliyomziba masikio na hawezi kushuka. Kwa hiyo wananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe.

Ulitaka ukweli, basi nikupe. Chini kuna giza la kijani. Nasikia pumzi yangu tu. Nasogea taratibu, naweka uso karibu kuliko ninavyotaka, natazama kama kuna pembe za chuma, kama kuna mishono ya bati. Ndiyo, Mama, natafuta mishono. Nadhani nimeipata kazi hii kwako. Lile lililopasuka mwezi wa tatu nililitazama mimi. Nilisema BOMU, sauti haikutetemeka, nikapanda juu, nikatapika pembeni, wakalipasua kwa mbali. Nilikuandikia kwamba sikuona chochote.

Sikuogopa pale kama ninavyoogopa sasa. Hicho ndicho nilitaka kukuambia. Chini ya maji nina mikono yangu na nina macho yangu. Huku juu nina bahasha tu.

Jioni nafanya mazoezi ya fundo kwenye mguu wa kitanda. Masikio ananitazama kwa huruma. Ameniambia kwamba kwa maisha yake yote kazini, MWABO mia moja huwa ni vyuma chakavu na matairi kabla haujapatikana mmoja wa kweli. Amenitia moyo, ila ananiambia hivyo kila baada ya saa moja, na hapo ndipo naona naye ana wasiwasi.

Paka naye mpe busu langu.

Mwanao


Nyumbani, 4 Mei

KISIBO.

KISIBO, KISIBO, KISIBO! Nimekuandikia mara nne ili hata bahasha ikilowa moja ibaki.

Sasa kaa chini mwanangu, maana nina salamu za kutosha na safari hii utazisikiliza zote.

Mama mdogo anakusalimu. Amelala kwenye kochi langu na viatu vyake, amechoka kwa furaha, sijamwamsha. Jirani wa juu anakusalimu, ameshuka na keki. Muuza dawa anakusalimu, fundi viatu anakusalimu, na yule bibi harusi pia, ana mimba, sasa kila mtu anaelewa habari za kiuno. Daktari anakusalimu. Alinifungulia mlango mwenyewe, na kabla sijakaa, kabla hata ya habari za asubuhi, akasema, "Mama, KISIBO." Kwa kinywa chake! Nilimshika nikamkumbatia, na koti lake safari hii lilikuwa limefungwa sawasawa. Nililia pale kwa sauti. Nililia machozi ya baba yako na yangu pamoja, na mama mdogo akawa ananipigapiga mgongoni huku naye anamwuliza daktari, "Hakika? Umetazama kwa macho?" Akasema ametazama, na mwenzake wa maabara ametazama.

Ni kijivimbe tu kisicho na ubaya wowote. Anasema hatukitoi, ila kila mwaka niende akakitazame kama hakijakua. Alinichorea titi kwenye karatasi akaweka alama pale kilipo, ili daktari mwingine akija asije akashtuka bure. Nikamwambia hata kwenye meli ya mwanangu ndivyo wanavyofanya. Akasema angependa kuiona meli hiyo.

Nilipotoka nje, barabara ilikuwa ile ile, watu wanauza, watu wanagombana, gari limeziba njia na dereva anatukana. Nikaona kila kitu kizuri. Nilimsalimia hata yule dereva. Usiku nililala, Chiriku. Nililala kama niliyepigwa rungu, paka miguuni, na asubuhi nikashona kola thelathini bila kufumua hata moja.

Nimekubali kanuni yenu. Nimeona faida yake mlangoni kwa daktari. Lakini ni kwa mambo mazito tu. Ya paa na paka yatabaki nilikofundishwa.

Sasa hukumu yako ndiyo naingoja. Ukishuka, ukapanda, neno la kwanza liwe kubwa nilione bila miwani.

Mamako


Melini, 15 Mei

KISIBO.

Mama, shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako ilikuja juzi na boti ya asubuhi. Niliichana bahasha pale pale kwenye ngazi, nikaona neno, na sikusoma zaidi. Nilipiga ukelele, Masikio akatoka mbio akidhani tumegonga kitu. Nikamwonyesha. Akaenda kwenye kipaza sauti cha meli, mtu huyu asiyependa makelele, akatangaza: "KISIBO kwa mama wa Chiriku." Meli nzima ikashangilia. Mpishi alipiga sufuria. Nahodha alitoka kwenye chumba chake na nusu ya uso imenyolewa, akasema hiyo iandikwe rasmi.

Mkuu alinirushia kamba. Nilifunga fundo mara moja, likakaa, akalivuta kwa nguvu zake zote halikulegea. Akaniambia, "Kavae."

Nilivaa vazi lako. Nikashuka. Giza la kijani, pumzi yangu, matope laini, kisha kitu mbele yangu, duara, kina pembe pembe, kimeota magamba. Nikasogea, nikaweka uso karibu, nikatafuta mishono. Ilikuwa ngoma ya mashine ya kufulia, Mama, kubwa, ya hotelini labda, na hizo pembe ni vyuma ilivyofungiwa. Ndani amejikunja pweza, ameniona akabadilika rangi kwa hasira. Niliwaambia juu neno moja, nikasikia pumzi ya watu wote ikitoka kwa pamoja kwenye waya wa simu. Nilicheka peke yangu kule chini mpaka maji yakaingia kwenye barakoa.

Tumempa pweza nambari kwenye ramani, mtu mwingine asije akamsumbua. Alasiri hiyo hiyo nahodha alitangaza NJISA. Jana meli ya kwanza kubwa ilipita katikati ya mlango, taratibu, na abiria wakatupungia mikono bila kujua wanapungia nini.

Tunafunga kazi. Nitakuwa nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Bega la kushoto la vazi bado zima, ila la kulia sasa ndilo limeanza, nakuletea mkononi. Na nikifika, Mama, nitabisha hodi, nitakaa, nitakusalimu wewe, mama mdogo, jirani wa juu na paka, mmoja mmoja, kirefu, bila haraka yoyote.

Wako,
Chiriku